Siku Mkuu wa Majeshi Alipofika Kivukoni Kwetu

Hapana, sikumwogopa. Na mpunga nilipanda, tena nikavuna, kwa hivyo usinitazame hivyo kama uliyekuja kunipa pole. Sogeza hicho kikapu, kaa, nikueleze.

Shamba letu liko ng'ambo ya mto. Wazee walikata mashamba kuanzia ukingoni kwenda ndani, kila ukoo na kipande chake chembamba kirefu, na nyumba tukajenga upande huu ardhi ilikoinuka. Kwa hivyo maisha yetu ni kuvuka tu. Asubuhi mtumbwi, jioni mtumbwi. Mto ukifurika tunakaa tunautazama, ukishuka tunakimbilia matope. Ukiyawahi yakiwa laini, mpunga unasimama wenyewe. Ukichelewa yanapasuka kama kisigino changu hiki, na hapo utatia pojo badala ya mpunga, uombe Mungu. Sufuria yangu ya mwaka mzima imo ndani ya matope yale.

Sasa wanajeshi walikuja mto umejaa. Ilisemekana kuna watu wabaya wanapita upande wa msitu, na sisi, nisiseme uongo, tulifurahi kuwaona. Tuliwapelekea maboga. Wakatafuta mahali pasipoingia maji, na mahali pasipoingia maji ni pale pale juu ya kivuko chetu. Wakapiga mahema, wakajaza mchanga kwenye magunia, wakafunga kamba mti hadi mti. Mitumbwi ikabaki ndani ya kamba, sisi nje.

Maji yalipoanza kushuka nikabeba mbegu yangu, nikaenda. Pale kwenye kamba kulikuwa na kijana mwenye bunduki, anazungumza utadhani anatafuna muwa.

"Shosho, hapa hakupitwi."

"Naenda shambani."

"Shamba iko wapi?"

"Hapo unapotazama."

"Mimi naona matope tu."

"Ndilo hilo shamba, mjukuu wangu."

Akacheka mpaka bunduki ikacheza begani. "Si mimi, shosho. Ongea na sajini."

Sajini alikuwa mfupi, na maneno anayatoa moja moja, kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi. "Mama! Rudi! Nyuma!" Nikamwambia, "Baba, magoti haya hayajui gwaride, sema polepole." Akanipeleka kwa kapteni.

Kapteni ndiye aliyenishinda, maana alikuwa na adabu. Mtu mkali unajua pa kumshika, lakini mwenye adabu anateleza. Alinishika mkono, akasema na ile sauti ya muuza magodoro: "Mama yangu, mimi nakuelewa kabisa. Hata mamangu ni mkulima. Lakini hii ni oda kutoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu, mama." Akainua kidole. Na mimi nikatazama kidole kinakoelekea. Nikaona mwewe.

Na kivuko kingine? Kipo, chini huko kwenye kona ya viboko wenye watoto. Mwenye haraka ya kufa apite huko.

Nikarudi nyumbani, nikamwigizia wifi yangu wote watatu, mtafuna muwa, mfukuza mbuzi na muuza magodoro. Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Tunakaa uwanja mmoja, na mashamba yetu yamelala ubavu kwa ubavu. Wengine wote ninawachekesha, yeye hapana. Aliendelea kupepeta unga, akaniuliza tu, "Huyo wa juu ni nani?"

Hapo nikamkumbuka marehemu. Ujanani alikuwa askari, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na alipenda kunihadithia akiwa ameshiba. Alisema alipoingia, mkubwa wa wote jeshini alikuwa bado mzungu. Bendera yetu, wimbo wetu, lakini anayesema geuka kulia ni mzungu. Alimwigiza kwa kukaza shingo: "Wewe askari! Iko lala ama iko simama?" Halafu kile cheo kikaja kwa mtu wetu wa kwanza, mweusi kama sisi. Marehemu alisema siku waliposikia, watu walisimama wima zaidi gwarideni bila ya kuambiwa. Baadaye wakubwa walibadilishana, mmoja anastaafu, mwingine anaapishwa, hata jina la cheo likabadilika, lakini kazi ni ile. "Jeshi ni ngazi, mke wangu," alikuwa akisema. "Kila mmoja anatazama miguu ya aliye juu yake. Yule wa juu kabisa anatazama miguu ya Rais peke yake." Nikimtuma maji mtoni ananijibu, "Nangoja amri." Nami nampa.

Basi nikamwambia wifi, "Wa juu ni Mkuu wa Majeshi. Nitamwona."

Majirani walinicheka. "Utamwona mjini Tarasaa, kwenye televisheni ya hoteli ya chai." Nikawaambia chekeni, meno ni yenu. Kuanzia kesho yake nikawa naenda kukaa pale kwenye kamba, kopo la mbegu mapajani, nimenyoosha miguu. Simtukani mtu, silii. Nakaa tu wanione. Jua likiwa kali narudi, asubuhi nimefika tena.

"Shosho, umekuja tena?"

"Nimeripoti kazini."

Wakanizoea. Wakawa wananipa chai yao yenye sukari ya kukwama kooni. Nami nikawa namdodosa yule kijana.

"Huyo Mkuu wenu, anaamuru nini na nini?"

"Kila kitu, shosho. Jeshi la nchi kavu."

"Na ndege?"

"Na ndege."

"Na meli za baharini?"

"Zote ziko chini yake."

"Basi mtumbwi wangu hautamshinda."

Maji nayo yanashuka. Kutoka pale nilipoketi naliona shamba langu ng'ambo likitoka majini kidogo kidogo, jeusi, linang'aa, zuri la kukuliza. Nililijua limefikia wakati wake. Nililijua pia haliwezi kuningoja.

Ndipo kapteni akaja mwenyewe uwanjani kwetu, ameng'arisha viatu. "Mama yangu, tunapata mgeni mkubwa. Tunaomba akina mama waje kutuimbia."

"Mgeni gani?"

"Mkubwa sana."

"Wa wapi?"

Akainua kile kidole.

Nikasema, "Tutaimba, baba. Tena tutaimba vizuri."

Siku ya mgeni helikopta ilitua ikatuvua leso. Kuku wa mama jirani mpaka leo hajulikani aliko. Wakashuka wanaume, na wote wamevaa yale magwanda ya madoa, buti zile zile, vumbi limewapaka rangi moja. Sasa mkubwa ni yupi? Akina mama wakanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na kesi.

Sasa sikiliza, usicheke kabla ya wakati. Sisi wa mtoni tuna baraza la wazee, twaliita gasa. Wanawake hatuketi humo, lakini masikio yetu yanaketi. Gasani wanaosema ni wadogo. Wadogo wanasema, wanajibizana, wanarukana, na mkubwa kabisa ametulia pembeni kama hayumo. Yeye hufungua mdomo mwisho, na akisema imekwisha. Kwa hivyo kwetu ukitaka kumjua mkubwa tafuta kimya kilipo.

Nikatazama. Kulikuwa na mmoja mdomo haufungi. Anampa mkono huyu, anampiga begani yule, anauliza mpishi ameweka nini sufuriani, anachungulia mpaka shimo la choo, na anaongea, anaongea, anaongea. Nikawaambia wenzangu, "Huyu ni mpiga debe wao." Halafu nikamwona mzee wa mvi, amekaa kwenye kiti cha kukunja, mikono mapajani, hasemi neno na mtu.

"Yule," nikasema.

"Yule," wakasema wote.

Tukaenda kwake kwa wimbo na vigelegele. Tukamtua mkungu wa ndizi miguuni. Nikakaa chini, mbele yake, vile anavyokaa mtu aliyeleta shauri, nikaanza. Nikampa sauti zote. Nikatafuna muwa, nikafukuza mbuzi, nikauza godoro, nikainua kidole. Nikamwonyesha shamba kwa mkono. Nikamwambia, baba, sitaki kitu chako, nataka kupita, nitie mbegu, nirudi, na kamba yako uifunge tena nikishapita. Yule mzee alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na mabega yanamtikisika. Nilipomaliza akapangusa macho, akasema kwa sauti laini ya kanisani:

"Mama, nimekusikia, na Mungu amekusikia. Lakini mimi ni padri wa jeshi. Kazi yangu ni kuombea na kuzika. Mkuu ni yule anayeongea."

"Yule?"

"Ndiye."

Nyuma yangu mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Na zile ndizi?"

Kabla sijageuka nikasikia, "Endelea, mama." Mpiga debe amesimama nyuma yetu, mikono kiunoni, na kapteni ubavuni pake amenywea. Sasa ndiyo nikaziona zile nyota za mabegani, vumbi lilikuwa limezifunika. "Fanya tena ile ya kapteni," akasema.

Kidole changu kilikuwa tayari. Nikakiinua. "Oda kutoka juu, mama yangu." Hakuna aliyecheka mpaka yeye acheke, na alipocheka wakacheka wote mara moja, kama wamepigiwa filimbi.

Kisha akaacha kucheka, nao wakaacha. Akamgeukia kapteni. "Juu wapi?"

"Afande, tulipokea…"

"Huko juu ni kwangu. Nilikuambia umfungie huyu mama shamba lake?"

Kapteni akatazama viatu vyake. Nami nilimhurumia, haki ya Mungu, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Walifunga kamba kwa hofu ya wale wa msituni, na baada ya hapo kila mmoja akadhani aliye juu yake ndiye aliyeitaka.

Nikajua nimeshinda. Nikaanza kuinuka na kopo langu. Kumbe bado! Yule mkubwa akachuchumaa, akanishika mikono yote miwili, akaanza. Ana sauti ya redio, ile ya taarifa ya habari, kila neno limepigwa pasi. "Mama mpendwa, ni muhimu uelewe mfumo wetu." Akasema yeye ni mkuu lakini hafungui kila kamba, kwa sababu akianza kuzishika kamba za makapteni, makapteni hawatakuwa na kazi. Yuko kamanda wa eneo, lazima aulizwe. Iko kamati ya usalama ya kaunti, lazima ikae. Akasema hata yeye ana mkubwa. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, na kazi yake yeye ni kumshauri Rais, na kuyaunganisha majeshi yote yavute pamoja, ya nchi kavu, ya angani na ya majini. Akaniambia wakuu waliomtangulia walirithi jeshi la mkoloni, lililofundishwa kumtisha mwananchi, wakalilea pole pole mpaka likajua kwamba mwenye nchi ni raia, na kwamba mwenye bunduki anapokea amri kwa aliyechaguliwa. Akasema ndiyo maana nchi yetu imetulia na nyingine zimepinduliwa.

Yalikuwa maneno mazuri, mwanangu. Sikudharau hata moja. Nilimwona marehemu amekaa kwenye mavumbi yale, anaitikia kwa kichwa. Lakini jua lilikuwa linapanda, na yeye ndiyo kwanza anapamba moto. Akasema shauri langu litaangaliwa.

Litaangaliwa! Neno hilo tunalijua. Daraja letu lilipewa neno hilo. Zahanati ilipewa neno hilo. Nikageuza macho ng'ambo, na shamba langu pembeni lilikuwa limeanza kuwa jeupe. Nilitaka kusema. Mimi, mdomo wote huu! Lakini amenishika mikono, ananiita mama mpendwa, na wakubwa wote wamesimama wanatusikiliza, na mimi naitikia "ndiyo, baba, ndiyo, baba," kama mbuzi anayevutwa kwa chumvi.

Wifi yangu tangu asubuhi hakuwa ameimba. Hakubeba ndizi, hakupiga kigelegele. Alikuwa amesimama nyuma kabisa na jembe begani, kwa sababu yeye alitoka nyumbani kwenda shambani, hakutoka kwenda sherehe. Sasa nikaona wanajeshi wanapisha. Akapita katikati yao hajasalimu mtu, akaja mpaka pale tulipo, jembe likakaribia kuigusa kofia ya Mkuu wa Majeshi. Yule kijana wa bunduki akapiga hatua, padri akamzuia kwa mkono. Mkubwa alikuwa amefika kwenye "kwa mujibu wa katiba," akanyamaza hapo hapo, akainua uso.

Wifi hakumtazama. Alikuwa anatazama ng'ambo. Alisema mara moja tu, na baada ya hapo hotuba haikuendelea, na kamba ilifunguliwa na kapteni kwa mikono yake mwenyewe.

"Baba, wewe ukimaliza kuongea, shamba litakuwa limekauka."