Kula na Kura Mengo

Nilitoka Tunduma, nikabadilisha basi Mbeya, Tabora na Bukoba, nikavuka mpaka wa Mutukula kwa miguu, miguu yenyewe imevimba. Mimi ni fundi cherehani wa kuhamahama. Mengo, penye ikulu ya Kabaka, mfalme wa Baganda, nilipata chumba cha uani kwa wazee wawili. Mzee alikuwa Mnubi, mtoto wa kambi ya askari, polisi mstaafu. Mama alikuwa Mganda, mzaliwa wa hapo hapo.

Walipooana walikubaliana: sebule ya mama, chumba cha nyuma cha mzee, na hakuna kuamuliana. Sebuleni ilining'inia picha ya Kabaka, nyuma bereti ya polisi. Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi, mpaka bati likatoboka juu ya ukuta uliogawa vyumba hivyo. Kila mmoja akasema tundu ni la mwenzake. Masika yote mabeseni yalikinga maji pande zote mbili.

"Ndiyo katiba yetu ya uhuru hii," mzee aliniambia. "Kabaka na mamlaka yake, waziri mkuu na yake, nchi moja. Ilibidi ibadilishwe."

Mama alisikia. "Ibadilishwe, sawa. Lakini wabunge waliikuta mpya kwenye visanduku vyao vya barua, wakaambiwa wapitishe kwanza, kusoma baadaye. Sisi Mengo tukaletewa bunduki. Nani alituuliza?"

Wiki hiyo hiyo mzee akaita fundi wa paa bila kumwambia mama. Mama aliporudi kutoka sokoni akakuta mtu juu ya sebule yake, anang'oa misumari. Alipanga nguo aende kwa dada yake, mtaa wa Ntinda.

Mzee akanijia kwenye cherehani. "Akienda huyu harudi. Nifanye nini?"

"Mteremshe fundi," nikasema. "Halafu muulize."

Fundi akashuka. Mzee akauliza paa walifanyeje. Mama alikuwa mlangoni na begi lake. "Haya, tupige kula."

"Kura, mama," mzee akasahihisha, kwa mazoea tu. "Nyie Baganda kila uchaguzi mnakuja na sahani!"

Nikafumba macho. Nikawaza: basi, huyu ameondoka.

"Na nyie wa kambini mnakuja na buti," mama akajibu. Kisha akacheka, akatua begi. "Ssebo, bwana wangu, tule kwanza."

Tulikula matoke na mchuzi wa karanga, kisha tukapiga kura, hata mimi, kwa kuwa nami nikiingia sebuleni nalowa. Mikono mitatu ilikubali: nyumba nzima ya wote wawili, na paa haliguswi mpaka wote waseme ndiyo.

"Picha inabaki," mama akasema.

"Nani ameigusa?"

Asubuhi niliyokuwa niondoke kabisa mvua ilinizuia. Tulikunywa chai sebuleni, mzee kavua viatu, kajinyoosha kwenye kochi la mama. Bati lilikuwa limezibwa kwa ndiyo zao mbili, beseni halikuwepo. Nilijikuta nikitazama dari na kupumua.

Mvua ilipokatika mama alinisindikiza hadi getini. "Huko uendako usikose kula."

"Kura!" mzee akaita kutoka ndani.

"La, leo nasema chakula," akajibu, akanitilia kwapani matoke yaliyofungwa kwenye jani la mgomba, bado ya moto.