Tundu la Grisi la Mokrane

Hapa Bejaia, pwani ya Algeria, ukiliona gari dogo la GTI limeinamisha magurudumu ya nyuma kwa ndani, vijana watakuambia huo ni mtindo. Watalipiga picha, watasema limekaa kimichezo. Mtindo gani, jamani! Gari hilo linaumwa. Beringi za ekseli ya nyuma zimekwisha, mkono wa gurudumu umelala, na siku ya mvua kwenye kona litamgeuza mwenyewe akaangalie alikotoka. Mokrane amewaambia hivyo miaka ishirini na sita sasa, na bado wanamcheka.

Mokrane ni fundi wa ekseli za nyuma. Hagusi injini, hagusi breki, na ukimpelekea redio atakufukuza. Ni mtu mnene, mpole, mwenye aibu ya kusema na watu. Anakula mkate na mafuta ya zeituni akiwa amesimama, maana akikaa anasinzia. Alijifunza kazi kwa kuharibu gari lake mwenyewe mara tatu. Na kwa wenye GTI wa bonde zima jina lake lilijengwa na kitu kimoja: tundu la grisi.

Tundu hilo alilibuni mwenyewe. Kubadilisha beringi za ekseli ile ni kazi ya siku mbili tatu. Ushushe ekseli nzima, uvute vyuma vilivyoganda kwa kutu, utoe mikono ya magurudumu, ndipo uzifikie beringi zenyewe, vijiti vyembamba vya chuma vilivyopangwa duara kama sindano. Nani ana siku tatu? Mokrane akawa anatoboa bomba la ekseli kwa drili, anafunga kichuchu cha kupitishia grisi, anasukuma grisi mpaka inatapika pembeni. Nusu saa! Gari linaondoka kimya, mwenye gari anambusu kichwani. Watu walimsifu mpaka na yeye akaamini.

Mmoja wa waliombusu kichwani ni Nna Djouher (Nna ndivyo tunavyomwita mama mtu mzima kwa heshima), mkunga wa vijiji vya juu. Ana miaka sitini na tatu, hana urefu wa kujivunia, anakalia mto ili aone barabara, na anaendesha GTI nyekundu aliyoachiwa na kaka yake. Wanawake wa kule juu wakishikwa na uchungu hawaulizi gari la wagonjwa liko wapi. Wanasikiliza mlio wa Nna Djouher akipanda kona, kisha wanatulia. Wazee wa vijijini humlaani kila anapowapita kwa vumbi, na wajukuu wao wote wamepita mikononi mwake.

Basi mwezi wa pili, chini ya kijiji cha Tala Amara, lami ikiwa na umande, GTI ilimgeuka. Ilizunguka mara moja na nusu, ikasimama na tako lake hewani juu ya korongo. Hakuumia. Lakini mwanawe Lounes, mwalimu wa hesabu, alichukua funguo siku hiyo hiyo akazitia mfukoni. Mji mzima ukasema neno moja: macho ya mama yamechoka.

Gari lilivutwa mpaka kwa Mokrane, likangoja zamu yake karibu wiki tatu. Akalishusha ekseli, akavuta mkono wa kulia kwa nyundo ya kuteleza, ile inayovuta badala ya kugonga, mpaka jasho likamtoka, ukaja. Akamimina kilichokuwa ndani ya bomba kwenye karatasi. Sindano zimesagika zimekuwa unga. Hilo alilitegemea. Asilolitegemea ni vile vinyuzi vya chuma vilivyojikunja, vinang'aa, katikati ya grisi nyeusi. Kutu haikunji chuma namna ile. Drili ndiyo inayokunja.

Akakaa chini. Alipotoboa bomba miaka mitatu nyuma, vinyuzi viliangukia ndani, na grisi ikavisukuma mpaka kwenye beringi, vikazitafuna kona baada ya kona. Si umande. Si macho ya mtu. Ni yeye! Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Asubuhi ya pili Lounes akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Kaka Mokrane, nina ombi. Mwambie mama gari halitengenezeki."

"Mbona linatengenezeka?"

"Najua! Nakuomba useme halitengenezeki. Mimi akinisikia nasema aache kuendesha ananiita mtoto wa juzi. Wewe ukisema gari limekufa, namuuzia mtu wa vyuma chakavu niliyekwisha patana naye, mama atalia siku mbili, yatakwisha. Mimi sitaki kumzika mama yangu, kaka. Umenielewa?"

Macho yalikuwa yamemwiva kwa kukosa usingizi. Mokrane alimwelewa. Tena alielewa kitu cha pili, na hicho ndicho kilichomtia baridi: uongo ule ungemsitiri na yeye. Ekseli ingekwenda kwenye vyuma chakavu, vinyuzi vikiwa ndani, na jina lake lingebaki safi kama sahani ya Idi.

"Nitaona," akasema. Neno la mwoga, na alijua.

Hawajamaliza, mlango ukagongwa kwa teke. Nna Djouher huyo, amekuja kwa miguu kutoka stendi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, anahema.

"Mnafanya kikao cha mazishi yangu? Mbona hamjanialika?"

"Mama, ungenipigia nikufuate..."

"Wewe nyamaza, nitakufikia." Akamgeukia fundi. Kisha sauti ikamshuka, na hapo ndipo walipoogopa, maana hakuna aliyewahi kuisikia sauti ya Nna Djouher ikishuka. "Mokrane, mwanangu. Niambie kweli tupu. Ilikuwa gari, au nilikuwa mimi? Kama ni mimi naacha leo, sitagombana na mtu. Juzi nimemshika mtoto wa jirani nikaogopa nitamwangusha. Mimi! Wiki tatu naiogopa mikono yangu mwenyewe."

Lounes alimkazia macho fundi. Mokrane akatazama vidole vyake vyenye grisi. Alitamani sakafu ipasuke immeze, na sakafu ikakaa pale pale.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

Akachukua ile karatasi, akaiweka mbele ya Nna Djouher, akaeleza yote: drili, vinyuzi, grisi. Alieleza vibaya, anarudia maneno, anafuta uso na kuuchafua zaidi. "Macho yako hayana kosa, Nna. Kwa ekseli ile hata dereva wa mashindano angegeuka. Wewe kutokuanguka ndiyo ajabu."

Nna Djouher akachukua kinyuzi kimoja, akakisogeza mwangani. Halafu akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, huku anacheka, na Lounes akamshika bega asijue amshikie kilio au kicheko. Alipomaliza akampiga Mokrane kofi la mgongo lililosikika nje.

"Mshenzi wewe! Ungeniua!"

"Ndiyo, Nna."

"Umetoboa magari mangapi?"

"Arobaini hivi. Labda na zaidi."

"Na yote yako barabarani." Hakuwa anacheka tena. "Kesho unayaita yote. Moja moja. Ukiona haya kusema, nipe simu, nitasema mimi."

Aliyaita mwenyewe. Wengine walimtukana, wawili walisema hawatakanyaga tena pale, wengi walikuja. Lakini la kwanza lilikuwa jekundu. Mokrane aliosha bomba mara tano, akaliziba lile tundu kwa kulichomelea, akaingiza kwa presi mihimili mipya ya kushikia mikono ya magurudumu, akatia beringi mpya na sili mpya za kuzuia grisi isivuje, akarudisha vyuma vya kubebea gari kwenye alama zake zile zile ili lisikae upande. Siku nne. Magurudumu yakasimama wima.

Vijana wakapita, wakasikitika. "Fundi, umeliharibu! Lilikuwa limekaa vizuri."

Siku ya tano Lounes alizitoa funguo mfukoni, akamwekea mama yake kiganjani. Wakapanda wote watatu, Mokrane mbele, Lounes nyuma, magoti kidevuni. Chini ya Tala Amara Nna Djouher akasimamisha gari kabla ya ile kona. Akaitazama mikono yake juu ya usukani. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akatia gia ya pili, akaenda, akakanyaga pale pale anapokanyaga siku zote, na tako la gari likafuata nyuma yake bila ubishi.

Nna Djouher hakugeuza. Akaendelea kupanda.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Kuna binti kule juu mimba yake imetimia. Nataka asikie huu mlio."

Lounes akatoa simu, akabonyeza namba.

"Kaka, samahani," akamwambia yule mtu wa vyuma chakavu. "Lile gari siuzi tena. Mwenyewe yuko kazini."