Paluku wa Mama Gani

Moshi wa mikaratusi ndio uliotupokea Ngolera. Tulikuwa tumetoka Beni, mji wa joto, wa mawese na vumbi, na kwa jinsi moshi na baridi vilivyokuja pamoja nilidhani baridi yenyewe inatoka motoni. Kijiji kilikaa juu ya mgongo wa kilima, upande wa Butembo, na nyumba zake hazikufanana na za vijiji vingine. Zilikuwa za matofali ya kuchoma na vigae vilivyoota ukungu wa kijani, zimejengwa zamani za mapadri wa kizungu, wakati wazee wa pale walipokuwa vijana wa kufyatua matofali. Watu wa Ngolera walijivunia ukongwe huo hadi wakachosha. Ukiuliza njia, wanakueleza kwanza nani alijenga ukuta uliouegemea, mke wake alikuwa nani, na jiwe la kizingiti lilitoka mto upi. Njia utaitafuta mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Kongo. Baba yangu aliuza mawese na chumvi kati ya Beni na Butembo, na tulikuwa tumepanga nyumba upande wa Mavivi, karibu na njia ya uwanja wa ndege. Kila kundi la askari lililopita lilikuwa na haja yake: leo kuku, kesho godoro, kesho kutwa baba mwenyewe abebe mizigo yao. Mama alichoka. Alianza kuota nyumba yenye mlango wake mwenyewe, mbali na barabara, na sisi watoto tukaota naye. Kwa hiyo baba aliporudi kutoka Butembo akasema amepata mtu anayeuza nyumba ya matofali huko Ngolera, tulishangilia kabla hajakaa. Muuzaji aliitwa Paluku, mtoto wa mzee Mbusa, mwashi aliyekuwa amefariki.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho mtu yeyote wa kabila letu la Wanande anakijua kabla ya kuota meno. Kwetu jina la kwanza hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mwana wa kwanza wa kiume ni Paluku, na ukiita Paluku sokoni Butembo nusu ya soko itageuka. Tena mpangilio huo unahesabiwa kwa mama, si kwa baba. Mwanamume mwenye wake wawili anaweza kuwa na akina Paluku wawili katika kiwanja kimoja, wote wana halali wa mtu mmoja. Ndiyo maana sisi hatuulizi tu jina la mtu. Tunauliza mama yake.

Mama aliuliza. Nilikuwapo, nimeshika kibatari wakati yeye anapakua maharage. "Papa Masika," alisema, kwa kuwa Masika ni mimi, "huyo Paluku ni wa mama gani?" Baba alikuwa amekwisha kuanza kula. "Paluku ni Paluku tu," alijibu kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "njo" ni "ndiyo". "Nyumba iko, mwenyewe iko, njo ile. Unataka tungojee basoda barudie?" Neno basoda, askari, likamrudisha mama kwenye maharage yake. Hata mimi nilijua kwamba hilo halikuwa jibu, nikafurahi kwamba ameacha kuuliza.

Baba alikuwa mzee wa kanisa la Kiprotestanti, wala pombe haikupita mlangoni kwetu. Siku ya makubaliano alimpa chifu wa ardhi mbuzi wake kama desturi inavyotaka, lakini wenyeji walipoingia kwenye kyaghanda, kile kibanda cha wanaume chenye moto katikati, kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kuzungumza, yeye alibaki nje na Biblia yake kwapani. Ngolera mambo yote yalisemwa ndani ya kyaghanda. Nje yalisemwa maneno ya heshima tu. Mkubwa wa kijiji alitoka, akaonyesha mkono, akasema kwa sauti, "Nyumba ya Paluku, mutoto ya muzee Mbusa, njo hii." Hakusema uongo. Nyumba ilikuwa ya Paluku, mtoto wa mzee Mbusa, na aliyepokea pesa alikuwa Paluku, mtoto wa mzee Mbusa.

Basi tukawa wenyeji. Nakumbuka raha ile kwa aibu, lakini ilikuwa raha. Sebuleni kulikuwa na mahali pa moto palipojengwa ukutani, jambo ambalo Beni lingekuwa kichekesho. Nyuma kulikuwa na migomba, na chini yake kichaka cha majani mapana tuliyoanikia nguo. Kitu kimoja tu kilitushinda: mlango wa jikoni, jiko lililojengwa peke yake uani. Komeo lake lilikuwa na ukaidi, tukalisukuma na kulitukana kila asubuhi mpaka likubali. Shuleni niliwaambia watoto kwamba nyumba yetu ni ya zamani kuliko za kwao. Nilisema "yetu" mara nyingi, nikiinyoosha mdomoni.

Walikuja alasiri moja ya mvua, tukiwa barazani tunaambua maharage. Mwanamume mrefu, mke wake, watoto wawili wadogo na msichana wa umri wangu, wote wamelowa, miguu imevimba. Walisema wametoka Mbau, walikokuwa wamekwenda kulima, vita vikafunga njia ya Oicha na vijiji vya nyuma yao vikachomwa. Mama akawakaribisha kama wakimbizi wengine wote waliopita. Akamwambia yule msichana akalete kuni jikoni, kisha akanyanyuka amfuate, kwa sababu ya komeo. Hakuhitajika. Msichana alipitisha vidole kwenye ufa ulio kando ya fremu, akainua kitu ndani bila hata kutazama, na mlango ukafunguka taratibu. Mama alisimama uani, mvua inampiga, akamgeukia yule mwanamume.

"Muko banani?" aliuliza.

"Mimi Paluku," alisema. "Mutoto ya muzee Mbusa. Mama yangu njo alikuwa bibi ya kwanza. Nyumba nilimwachia ndugu yangu aniangalilie." Alisema polepole, kama anayeogopa kutuumiza. Alikuwa anatutazama sisi watoto, na nadhani alikuwa amekwisha kuelewa.

Baba aliporudi kutoka Butembo waliketi sebuleni, na mkubwa wa kijiji akaitwa. Yule Paluku mwingine, wa mama wa pili, alikuwa ameondoka zamani, watu wakisema amevuka mpaka kule Kasindi. Mkubwa wa kijiji alijikuna kidevu. "Lakini papa, haukuuliza ni wa mama gani?" Alishangaa kweli. Kwake ilikuwa kama baba amenunua ng'ombe bila kutazama kama ana miguu. Baba akasema yeye ni mtu wa kanisa, hakai kwenye pombe. Nilimwona mama akiinamisha kichwa. Angeweza kusema, "Niliuliza," lakini hakusema. Namheshimu kwa hilo, na namlaumu pia.

Kisha baba akasema maneno niliyoyabeba hadi leo. "Mimi nilinunua. Sikuiba. Nikitoka hapa, hawa batoto nitabapeleka wapi? Beni?" Wiki ile ile Beni kulikuwa kumepigwa risasi. Paluku wa mama wa kwanza alitazama ukuta wa baba yake. Kisha akauliza kama wanaweza kulala jikoni, mpaka mvua zipungue.

Wakalala jikoni. Msimu mzima, tangu kupanda maharage hadi kuyavuna, wenye nyumba walilala kwenye majivu na sisi tukalala vyumbani. Nataka niseme kwamba ilituuma, na kweli ilituuma siku za kwanza, lakini mtu huzoea upesi sana. Ikafika mahali mama Kavira, yule mke, akawa anatuwashia moto asubuhi na kututekea maji, kwa kuwa alikuwa uani tayari. Kavira, binti yake, alimwita mama yangu "mama" na alikula baada yetu. Siku moja nilimkuta anaondoa nguo zetu kwenye kile kichaka nyuma ya nyumba, anazikunja vizuri moja moja. Nikamfokea. Akaniambia, bila hasira, "Hapa njo tulizika sokulu." Babu yake, mzee Mbusa, mwashi mwenyewe. Tulikuwa tumemwanikia chupi kichwani. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nikachukua nguo nikaingia nazo ndani, wala sikumwambia pole.

Mama alijaribu. Nilimsikia akimsihi baba tukae pamoja, nusu kwa nusu, vyumba viwili wao na viwili sisi. Baba alisema ukimpa mtu chumba leo, kesho atadai paa. Naamini aliona aibu kuliko sisi wote, ndiyo maana alikuwa mkali. Aliacha kula uani. Alipotaka kutoka alipita mlango wa mbele na kuzunguka kijiji kizima, asipite mbele ya jiko. Jumapili aliomba kanisani kwa sauti kubwa, na alipofika kwenye wageni na wasio na makao aliruka.

Maharage yalipovunwa Paluku alisema wamepata mahali Butembo, kwa mtu wa ukoo wa mke wake. Asubuhi ya kuondoka mama Kavira alifagia uwanja wote, hadi mbele ya baraza letu, akarudisha ufagio mahali pake. Mama alimpa debe la maharage. Alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema "wasingya", asante. Alitushukuru. Baba hakutoka ndani.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Butembo na kufundisha shule, na nyumba nimepanga. Wenzangu wananicheka kwamba mwalimu wa miaka mingi hana hata kiwanja. Vita havikuisha, vimebadilisha majina tu, na watu wa Mbau na Oicha bado wanapanda huku na mizigo kichwani. Kila anayekimbia anaacha nyumba, na kila nyumba iliyoachwa ina mtu anayeipigia hesabu. Matapeli wamekuwa wengi mpaka watu wanaandika ukutani kwa rangi kuwaonya wanunuzi. Kaka yangu, anayekaa Ngolera tangu baba afariki, naye aliandika, kwa herufi kubwa nyekundu juu ya matofali yale ya kale: NYUMBA HII HAIUZWI.

Mwezi uliopita nilikutana na Kavira sokoni. Anauza viazi na vitunguu, amenenepa, ana wajukuu. Alinikumbatia kabla sijajificha. Tukaulizana habari za watoto, na nikawa nasema upesi upesi, nitafute njia ya kuondoka. Aliniambia alikwenda Ngolera kwenye msiba, akapita mbele ya nyumba, akaona maandishi ya kaka yangu.

"Mulifanya muzuri kuandika," alisema, akinichagulia viazi vikubwa. "Siku hizi batu banauzisha nyumba ya benyewe."

Nilimtazama usoni nione kama kuna sindano ndani ya neno hilo. Haikuwapo. Alinifungia viazi, akaongeza viwili vya bure, akaniambia nikamsalimie mama.