Verna Tollefson na Kicheko cha Waingereza

Verna Tollefson alikaa kwenye dirisha la tatu la ofisi ya leseni za udereva kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa mji wetu wa Ostby aliyewahi kuyaona meno yake. Hakuwa mtu wa makelele. Alikutazama, akazitazama karatasi zako, kisha akakurudishia karatasi zako. Jamaa mmoja aliwahi kumwomba ampige picha upya kwa sababu ile ya kwanza ilimtoa vibaya. Verna akaiangalia picha, akamwangalia mwenye picha.

"Sura ni yako, bwana," akasema. "Mimi nabonyeza tu."

Mimi ni mkutubi wa mji huu, na nyumba yangu inatazamana na yake, kwa hiyo hili ninalolisimulia nililiona kwa macho yangu. Alipostaafu, Januari ile ile alifanyiwa upasuaji wa goti. Mpwa wake Karin akamlaza kwenye kochi, akamwashia televisheni, akamwekea rimoti karibu na mkono, akaenda kazini. Rimoti ikateleza, ikaingia uvunguni mwa kochi. Kuinama hawezi. Kumpigia mtu simu aje kumwokotea rimoti lilikuwa jambo ambalo Verna asingelifanya hata nyumba ingeshika moto. Akabaki na stesheni iliyokuwapo, ile ya umma, ambayo sisi watu wa jimbo la Wisconsin huiwasha tukipata wageni ili watuone wasomi. Siku ile walikuwa wanaonyesha vichekesho vya Waingereza, vipindi sita bila kupumzika.

Nilifika alasiri na bakuli la viazi vya jibini. Nikiwa mlangoni nikasikia sauti kama ya mtu anayekabwa koo. Nikaingia bila kubisha. Verna alikuwa amelala chali, machozi yanamtiririka mpaka masikioni, mkono mmoja ameushika ubavuni.

"Unaumwa?"

"Kaa chini, Fay," akasema. "Paa limemwangukia mgeni, halafu mgeni ndiye anayeomba radhi."

Kipindi chenyewe kiliitwa Kwa Pilbeam. Bwana Pilbeam alikuwa na nyumba ya kulaza wageni huko pwani ya Uingereza, naye alichukia wageni. Kisa chote ndicho hicho. Mgeni akiomba blanketi la pili, Pilbeam anamuuliza kama kwao wanalala watu wangapi kitandani. Nilikaa nikatazama viwili, nikacheka mara moja, tena kwa adabu. Verna alicheka mpaka bandeji ya goti ikalegea.

Tangu siku hiyo maktaba yangu haikupumzika. Kila wiki alikuja na magongo yake, akaegemea kaunta, akaagiza diski kutoka maktaba za miji mingine. Kufikia Machi alikuwa na daftari. Kufikia Aprili alikuwa na safu katika gazeti letu la kila wiki, jirani na matangazo ya mbolea, yenye kichwa "Vichekesho vya Waingereza Vinavyomfaa Mmarekani". Kila kipindi alikipa alama juu ya kumi, na alama zake hazikuwa na rufaa, kama zilivyokuwa karatasi za dirisha la tatu.

"Mtu akijifunza jambo lolote la maana mwishoni, nakata alama mbili," aliandika. "Wakikumbatiana, tatu." Kipindi cha makasisi watatu wanaokaa nusu saa nzima kila mmoja akimsubiri mwenzake achukue biskuti ya mwisho kilipata tisa. Kile cha idara ya madaraja katika wilaya isiyo na mto kilipata kumi kamili, na chini yake akaweka maelezo: hicho si kichekesho, hiyo ni taarifa ya habari. Kwa watazamaji wapya alikuwa na onyo moja. Usikae ukisubiri mtu afanikiwe, maana utapitwa na utani wote.

Barua zilianza kumiminika. Duane Pribyl, muuza matrekta, mtu mwema kabisa aliyewahi kuandaa semina ya kupunguza hasira kwa wafanyakazi wake ambao hawakuwa na hasira yoyote, aliandika kwa masikitiko. Alitaka kujua kwa nini hakuna hata jirani mmoja aliyempeleka Bwana Pilbeam kwa mshauri nasaha. Kwa hesabu yake vikao sita vingetosha. Gazeti likachapisha barua yake, na chini yake jibu la Verna la maneno mawili: "Ndiyo maana."

Mwezi Mei tukaanza kuonyesha vipindi hivyo maktabani kila Alhamisi saa kumi jioni. Nilipanga viti kumi na vitano. Wakaja watu arobaini, kila mmoja na bakuli lake. Ukweli ni kwamba wengi hawakuelewa kitu. Lafudhi iliwapiga chenga, na nilipowasha maandishi ya chini ya picha walinung'unika kwamba nawadharau. Walibuni njia yao wenyewe. Verna alikaa mbele, na walichotazama wao si televisheni, bali mabega yake. Mabega yakitikisika, chumba kizima kinaangua kicheko. Siku moja alipaliwa na kahawa, na watu wakacheka mpaka Karin alipokwenda kumpiga mgongoni.

Mji ukajiona umestaarabika. Watu ambao zamani walisema "sijambo" na kunyamaza, sasa walisema "sijambo" na kuinua nyusi moja. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ukiuliza bei ya misumari, unajibiwa kwa fumbo. Mchungaji Gunderson alijaribu kuhubiri kwa kejeli Jumapili moja, na mpaka leo waumini hawajakubaliana kama alikuwa anaipinga dhambi au anaiunga mkono.

Kilichokosekana ni Mwingereza halisi. Kumbe tulikuwa naye. Jolene Kubiak alikuwa ameolewa na fundi anayeitwa Clive Ormerod, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, anayetengeneza foklifti, yale magari ya kuinulia mizigo, kwenye kiwanda cha jibini. Alikuwa amekaa nasi miezi minane bila mtu kumgundua, maana alizungumza kidogo mno. Kamati ya Alhamisi ikanituma nikamwalike.

"Nikawaeleze nini, dada Fay?" akaniuliza, mikono imejaa grisi.

"Tuambie tu ni wapi pa kucheka, shemeji."

"Mimi hivyo vipindi sijawahi kuviangalia. Kule kwetu nilikuwa naangalia vya kwenu, vya polisi kukimbizana na magari."

Jolene akachungulia kutoka jikoni. "Ataenda," akasema. "Anavaa lile koti la harusi na ataenda."

Alhamisi hiyo walikuja watu themanini. Duane alimtambulisha Clive kwa hotuba ndefu, akamwita mrithi wa jadi kongwe ya utani. Clive akakaa mbele kabisa kando ya Verna, koti limembana mabegani. Nikawasha kipindi cha kwanza cha Kwa Pilbeam. Pilbeam akatokea, akamkuta mgeni anakula yai, akamuuliza kama ana uhakika yai hilo ni lake.

Clive hakucheka. Watu walikuwa wameanza kucheka, wakamwona, wakakatisha. Pilbeam akazima maji ya moto mgeni akiwa bafuni. Clive akakaza macho kwenye kioo kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Nyuma yangu nikasikia mnong'ono ukipita kutoka safu hadi safu: kumbe Waingereza wenyewe hawacheki, sisi ndio tumekuwa washamba muda wote huu. Baada ya dakika kumi watu themanini walikuwa wamekaa wima, nyuso zimekauka, wakitazama kichekesho kama mazishi ya kitaifa. Verna peke yake alicheka. Mara mbili akageuka nyuma kuona kuna nini.

Taa zilipowaka Duane akasimama. "Shemeji, hebu tufumbulie. Kile kimya chako kina maana gani?"

Clive alijikuna shingo. "Samahanini," akasema. "Huyo ni baba yangu."

"Mwigizaji?"

"Hapana, hapana. Baba yangu alikuwa na nyumba ya wageni, kule kaskazini, pwani. Vilevile. Ukimwomba sabuni anakuuliza umejipaka nini. Mimi nilikuwa na miaka tisa, ndiye niliyekuwa napeleka mayai mezani. Nyinyi mnacheka hapo, sawa, lakini mtu lazima aingie na yai la pili, na huyo nilikuwa mimi."

Duane akainua mkono, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli.

"Na hakukuwa na mtu yeyote wa kumpeleka kwa mshauri?"

Clive akamtazama. Nadhani akamwona baba yake amekaa kwenye kiti cha mshauri, amepewa kisanduku cha karatasi laini, anaulizwa anajisikiaje. Uso ukaanza kumchezacheza. Kisha akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, akainama, akashika meza, koti la harusi likachanika mshono wa mgongoni. Chumba kizima kikafuata. Hawakujua wanacheka nini, lakini Mwingereza alikuwa amecheka, na hilo lilitosha. Duane naye alicheka kwa nguvu zote.

Verna hakucheka safari hii. Watu walipotawanyika nilimkuta amekaa na Clive karibu na birika la kahawa, sindano mkononi, anamshonea koti likiwa mgongoni mwake.

"Baba yako aliwahi kusema samahani?" alikuwa anamuuliza.

"Samahani? Yeye? Hapana, Bi Verna. Akikukosea, asubuhi yake anakupa mkate wa kuchoma uliopakwa siagi mpaka pembezoni. Siku nyingine siagi ni katikati tu."

Verna akavuta uzi. "Mimi nilikaa dirishani miaka thelathini na mmoja," akasema. "Unadhani kwenye kipindi hiki nilikuwa namcheka nani? Nilikuwa najiona mwenyewe. Nikaona raha, maana angalau kuna mtu ametengeneza kipindi cha watu kama mimi." Akakata uzi kwa meno. "Sikuwa nimefikiria mwenye mayai."

Wiki iliyofuata safu yake ilikuwa fupi kuliko zote. Aliandika kwamba Kwa Pilbeam kimeshuka kutoka kumi hadi tisa, kwa sababu kuna mtoto anayebeba mayai ambaye kamera haikumwonyesha. Gazeti lilipotoka tu, Clive akaja maktabani na nguo za kazi.

"Hilo sikubali," akasema. "Nimevitazama vyote na Jolene, viwili viwili kila jioni. Kile ndicho bora kuliko vyote. Mwambie arudishe alama."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu. "Yule pale."

Wakabishana nusu saa kati ya rafu za kilimo na za upishi. Verna hakurudisha alama. Lakini jioni ile, Jolene aliniambia, Clive alimpigia baba yake simu kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Waliongea dakika sita, nne kati ya hizo kuhusu mvua. Clive akamuuliza kama amewahi kukiona kipindi hicho. Mzee akasema amekiona, na kwamba yule jamaa anawadekeza wageni mno.

Mwezi Agosti mzee mwenyewe akaja kutembea. Arnold Ormerod, miaka sabini na minane, mwembamba, mdomo umekazwa. Habari ilikuwa imeshaenea. Alipoingia maktabani Alhamisi yake ya kwanza, watu walikuwa wamejipanga foleni kutoka mlangoni hadi barabarani, na si kwa ajili ya televisheni. Walitaka kutukanwa na Mwingereza halisi.

"Karibu Ostby, mzee," akasema Mchungaji Gunderson, akamnyooshea mkono.

Arnold akautazama ule mkono. "Huu ndio mji, au mji uko mbele?"

Mchungaji alirudi kitini amefurahi kama aliyebarikiwa. Mke wa meya alimletea kipande cha keki, akaulizwa kama kuna mtu alishakila kabla yake, akaenda kuwasimulia wenzake kwa fahari. Duane aliambiwa kwamba anaongea kama kijitabu cha maelekezo ya dawa. Aliliandika hilo kwenye kadi yake ya biashara.

Wiki nzima mzee alialikwa nyumba hadi nyumba. Kila alipofungua mdomo watu walimpenda zaidi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Arnold Ormerod alikuwa ameishi karibu miaka themanini bila kupendwa na umati, na hakuwa na kinga. Alhamisi ya pili aliingia maktabani akashika mkono wa kila mtu. Akauliza hali ya goti la Verna. Akamwambia mke wa meya kwamba keki ile ilikuwa nzuri sana, ambayo kwa kweli ilikuwa nzuri. Watu walitazamana. Walisubiri mkia wa sentensi, mkia haukuja. Wengine walicheka kwa kubahatisha, na mzee, akidhani wamefurahi, akawaambia kwamba hajawahi kukaa na watu wema kama wao.

Jumamosi mialiko ilikatika. Duane aliniambia kwa siri kwamba mzee amepoteza ladha, labda ni safari ya ndege. Clive akajiandaa kumrudisha uwanja wa ndege. Alimpakia baba yake mizigo garini, akamfunga mkanda, akanikuta mimi na Verna tumesimama kando ya barabara.

"Jana asubuhi alinipikia yai," akasema. "Akalileta mezani mwenyewe."

"Lilikuwaje?" Verna akauliza.

"Bichi katikati," akasema Clive. "Nikala lote."