Donge la Bugali Kwenye Ndoano

Harufu ya bugali uliolowa maji ya ziwa, uchachu kama wa nguo iliyosahaulika ndani ya beseni, hunirudisha hadi leo kwenye mawe meusi ya ufuko wa Goma. Nilikuwa na miaka tisa. Vita vilikuwa vimetutoa Masisi kwa miguu, na tulilala katika darasa moja na familia nyingine sita. Mama alijifungua njiani. Mtoto tulimwita Riziki, na sasa maziwa ya Mama yalikuwa yanakauka. Wanawake wa pale walimwambia anywe mchuzi wa samaki, maziwa yatarudi. Basi Papa, mwalimu ambaye hakuwahi kukosa jibu mbele yetu, akakata fimbo, akaomba mshipi na ndoano moja, tukashuka ziwani.

Kwetu, anayetaka chambo huchimba chini ya migomba akapata minyoo ya kutosha. Papa alijaribu hivyo hivyo Goma. Jembe la kuazima liligonga jiwe. Akasogea, likagonga jiwe tena, maana mji ule umekaa juu ya moto wa volkano uliopoa. Ikabidi tutumie bugali wa mahindi tuliogawiwa, donge moja kutoka sahani yake, jingine kutoka yangu. Kila donge lilipogusa maji lilifumuka, samaki wadogo wakalimaliza, ndoano ikarudi tupu. Siku nne tulifanya hivyo.

Siku ya tano, Mama Faida, aliyekuwa akifua nguo karibu yetu, akapaza sauti. “Papa mwalimu, uko unalisha samaki! Na batoto bako nani atabalisha?”

Wenzake wakacheka. Papa akaona haya, kisha akasema, “Basi unifundishe, mama.” Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu neno hilo.

Mama Faida alileta bugali wa muhogo, kwa sababu ule hunata. Ukande tena kiganjani, alisema, mpaka uache kushika vidole. Donge lifunike ncha ya ndoano, lakini lisiwe kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Kisha akafumua msuko mmoja kichwani mwake, akachomoa uzi mweusi, akalizungushia donge mara nne. Liache upepo uligandishe kidogo. Usilirushe, lishushe polepole, kama unayemlaza mtoto.

Donge lilishika. Kabla ya adhuhuri tulikuwa na samaki mmoja, mpana kama kiganja changu. Mama alikunywa mchuzi wote huku sisi tukimtazama kifuani. Riziki alinyonya, akaachia, akalia. Papa alirudi ziwani kila siku, na chambo hakikuanguka tena hata mara moja. Jumapili ya pili Riziki alifariki. Papa, aliyetueleza kupatwa kwa jua na mapigo ya moyo wa chura, jioni hiyo alilikanda tonge lake mpaka likawa gumu, akaliweka pembeni ya sahani.

Leo nanunua samaki sokoni bila kufikiri, na wanangu nimewafundisha ule uzi na ile mizunguko minne. Wanauona mchezo mzuri. Papa hutujia Jumapili. Tonge lake la kwanza bado hulikanda muda mrefu mno, mpaka liwe gumu, kisha huliweka pembeni ya sahani na kuanza kula kwa tonge la pili. Nikiondoa vyombo, lile la kwanza nalitoa mwenyewe.