Mgongo wangu uliokuwa unauma kila giza la mwezi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, na sina sababu ya kuongeza chumvi, maana uongo wangu wote niliumalizia kwenye faili la kazini.

Nilikuwa mpakiaji kwenye ghala la mawese, Bangwe, kando ya ziwa. Kazi ni kuviringisha mapipa mpaka kwenye boti za mizigo.

Sasa huku kwetu dagaa huvuliwa mwezi ukiwa giza. Siku hizo mke wangu, Mama Zawadi, anahitaji mikono ya kuanika. Ruhusa kazini hakuna.

Nikabuni dawa: barua. "Naomba siku mbili, mgongo unanisumbua."

Giza likiingia, mgongo unauma. Mbalamwezi ikirudi, nimepona. Na hizo siku mbili mgonjwa nashinda nimeinama juani natandaza dagaa!

Bosi tulimwita Mzee Kalamu. Hakuna karatasi iliyopita mezani kwake bila kuchorwa kwa wino mwekundu. Ruhusa ananyima, mimi naondoka hivyo hivyo, barua inaingia failini.

Siku ya siku, ubao wa kupandishia mizigo ulikuwa umelowa mawese. Tulishalalamika mpaka tukachoka. Nikateleza, pipa likanirudia.

Nililia pale chini namwita mama yangu, mtu mzima na ndevu zangu. Picha ya eksirei ikaonyesha pingili ya mgongo imevunjika. Daktari akasema mapipa basi, maisha yote.

Nikadai fidia.

Aisee! Mzee Kalamu akapeleka faili zima ofisi ya fidia. "Huyu ana ugonjwa wa mgongo wa zamani. Barua hizi hapa, kaandika mwenyewe."

Jamani, siku zile hakuamini barua hata moja. Leo anaziamini zote! Kumbe alikuwa ananionea huruma kimoyomoyo, mzee wa watu.

Tukaitwa kikao. Afisa alikuwa dada mmoja mgeni, kahamishiwa huku karibuni.

"Kaka, barua hizi ni zako?"

Nikabanwa. Nikisema nilikuwa naumwa kweli, fidia kwaheri. Nikisema nilidanganya, muongo nani atamwamini?

"Ni zangu, dada. Nilidanganya. Nilikuwa naanika dagaa."

"Nani anathibitisha kwamba ulikuwa mzima?"

Nikamgeukia mke wangu aliyenisindikiza. Mama Zawadi kainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Kalamu anatabasamu, meno yote nje.

Dada akageuza barua ya kwanza. Nyuma, wino mwekundu: "MUONGO. Mgongo mzima kabisa. Nimemwona ufukweni kabeba gunia. Arudi kazini." Na sahihi.

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo.

"Mzee wangu, shikamoo. Mwandiko huu ni wa nani?"

Meno yakarudi ndani. Akaanza kutafuta miwani, na miwani anayo usoni.

Fidia ilipita, wakuu. Nilicheka mpaka mgongo ukanikumbusha.

Lakini tusidanganyane. Giza likiingia sasa, Mama Zawadi anaanika peke yake. Mimi niko kwenye kiti na fimbo, nafukuza kunguru. Ruhusa ninayo ya kila siku, na kuinama siwezi. Inaniuma sana.

Funzo: usisingizie kiungo kinachokulisha. Mgongo wangu ulikuwa unanisikiliza.

Haya, nanyi mkitaka ruhusa huwa mnasingizia nini? Kichwa? Tumbo? Bibi mliyemzika mara tatu? Mwageni hapa bila woga, Mzee Kalamu hana bando.