Maandishi Ndani ya Shanga

Mtaani Kiwanjani, mjini Isiolo, ukiwa na kadi ya zamani unayotaka kuitupa, ulimpelekea mwalimu Kendi. Kadi ya Krismasi, ya Idi, ya harusi, ya pole, zote alizipokea. Picha ya mbele aliigeuza kifuniko cha kikasha cha zawadi, na upande wa nyuma, akiupunguza kidogo kila ukingo, ukawa kitako chake. Mistari ya kukunjia aliipitisha kwa kalamu iliyokwisha wino ili karatasi ipinde bila kupasuka. Maua na ndege aliwakata wakawa picha za kuhesabia kwa watoto wake wa chekechea. Vipande vyembamba alivitoboa tundu, akavitia uzi, vikawa alamisho za vitabu.

Kurasa za ndani, zenye maandishi, alizikata pembetatu ndefu, akazipaka gundi aliyoipika kwa unga wa ngano, kisha akazizungusha kwenye kijiti cha meno kuanzia upande mpana hadi ncha. Zilitoka shanga. Mia tatu hivi zilitosha pazia la mlango mmoja.

Maandishi yenyewe hakuyasoma. Alisema maneno ya watu ni ya watu, na anayepewa karatasi hajapewa siri zilizomo.

Mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, fundi mmoja wa mbao aitwaye Anderson alimshushia gunia zima mlangoni. Alikuwa amepata kazi ya kubomoa stoo kuukuu katika shule moja ya bweni ya wasichana huko juu milimani, na ameambiwa vilivyomo vyote vichomwe. Alipoona gunia la kadi, nyingi zikiwa bado ndani ya bahasha, akamkumbuka mwalimu. Kendi alimshukuru, wala hakuuliza ni shule gani. Shule za bweni huko juu ni nyingi.

Alianza nalo siku ya pili yake, barazani, baada ya chakula cha mchana. Jirani yake Sadiya, muuza vitambaa, alikuwa ameomba pazia la chumba cha binti yake Lul, kwa hiyo alikuja kusaidia kuzungusha shanga. Upepo wa Isiolo ulikuwa ule wa Agosti usiompa mtu nafasi, na kila rundo la karatasi lilikuwa na jiwe juu yake. Kendi alifungua bahasha kwa nyuma bila kutazama anwani, akatoa kadi, akakata. Sadiya akapaka gundi, akazungusha. Walifanya hivyo karibu saa nzima wakiongea habari za harusi za watu.

Upepo ukainua kipande kimoja ukakibandika kwenye sketi ya Kendi. Alikibandua akitaka kukirudisha kwa wenzake, na jicho likaangukia maandishi kabla hajaligeuza. Yalikuwa ya kalamu ya buluu, herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Yalisema: *Kwa Kendi Mutea, 4B.*

Mkasi ulimtoka mkononi. Sadiya alidhani amejikata, akamshika kidole akitafuta damu. Kendi alimpa kile kipande tu. Sadiya akakisoma, akamtazama, akakisoma tena.

"Mwalimu," aliuliza polepole, "hii si wewe?"

Ilikuwa yeye. Darasa lilikuwa lake, mwaka 1996, na shule ambayo fundi Anderson alikuwa akibomoa stoo yake ndiyo iliyokuwa shule yake.

Mwaka ule mama yake alikuwa amekufa miaka minne nyuma, na baba yake, Mutea, alikuwa ameoa mwanamke aitwaye Gatakaa. Kendi alimchukia Gatakaa bila kuhitaji sababu. Kulipokaribia mtihani wa Kidato cha Nne, wasichana waliitwa ukumbini kila jioni kupokea kadi za heri kutoka kwao. Wengine walizibandika ukutani juu ya vitanda mpaka rangi ya ukuta isionekane. Kendi hakupata hata moja. Akajua, jinsi mtoto anavyojua, kwamba nyumbani wamemfuta. Siku ya kufunga shule, mama yake mdogo, ndugu wa marehemu mama yake, aliyekuwa akiishi mtaa wa Bulla Pesa hapa Isiolo, alikuja kumchukua, naye akaondoka asirudi kwao tena.

Baba yake alimfuata mara moja tu. Kendi alijifungia chumba cha ndani, akamsikia akimwambia mama mdogo kwamba hakuja kumlazimisha mtu, kwamba ameukubali uamuzi wa mtoto. Neno hilo, uamuzi, lilimshangaza, maana hakukumbuka kuulizwa jambo lolote. Miaka tisa baadaye Mutea akafa. Kendi alisimama nyuma kabisa kwenye mazishi, akaondoka kabla ya chakula.

Sasa kadi yake ilikuwa imekatwa, na sehemu kubwa ilikwisha kuwa shanga.

Sadiya ndiye aliyesema gundi ni ya unga tu, na unga hulainika. Alileta beseni la maji ya vuguvugu. Wakachagua shanga zenye wino wa buluu kati ya zile zilizokuwa zikikauka, wakazitia mojamoja, wakangoja, wakazifungua kwa ncha za kucha. Nyingine zilifunguka vizuri, nyingine zikawa uji. Vipande walivipanga juu ya sinia, Sadiya akiyahamisha maneno huku na huku kama mtu anayechambua mchele.

Mstari wa kwanza kukamilika ulisema: *Baba yako hajui kuandika, kwa hivyo naandika mimi.* Chini yake: *Najua mimi si mama yako.* Halafu pengo. Halafu: *kitanda chako nimekisogeza dirishani upate mwanga wa kusoma.* Pengo tena. Adhana ya alasiri iliita, Sadiya akaenda kuswali, akarudi akamkuta Kendi amekaa vilevile, mikono ndani ya maji yaliyokwisha kupoa.

Shanga tatu za mwisho walizifungua pamoja. *Siku ya kufunga tunataka kuja kukuchukua getini. Niandikie hata neno moja. Usiponijibu nitajua hutaki tuje, na sitakusumbua.* Chini yake, pengo la tatu.

Kendi aliyasoma maneno hayo mara mbili. Miaka ishirini na tisa alikuwa amejihesabu kuwa mtu aliyenyamaziwa. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa amenyamaza, tena bila kujua kwamba kunyamaza kwake kulikuwa jibu.

"Walinisikia nikikataa," alimwambia Sadiya. "Na mimi sikusema chochote."

Sadiya alizima jiko la gundi, akakusanya vijiti, akakaa naye mpaka jua likashuka.

Jioni hiyo Kendi alimpigia Anderson, naye akamuuliza karani mmoja mzee wa shule. Mwaka ule majibu ya mtihani yalikuwa yameonekana ndani ya kadi mbili, hivyo zote zilizofika kwa posta wiki za mwisho zilifungiwa stoo zisubiri mtihani uishe. Mtihani ukaisha, shule ikafungwa, na hakuna aliyezikumbuka.

Jumamosi alipanda Kianjai, kijijini kwa baba yake. Vile vipande alikuwa amevibandika kwenye karatasi safi, mapengo yakiwa wazi mahali pake. Gatakaa alikuwa uani akipura kunde kavu, macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe. Aliposikia ni nani aliyebisha, mikono ilisimama, lakini hakuinuka.

Kendi alikaa karibu naye, akaisoma kadi kwa sauti. Alipofika kwenye pengo la kwanza akanyamaza, na Gatakaa akaendelea mwenyewe, kama mtu anayejibu wimbo wa kanisani:

"Na sitakwambia uniite hivyo."

Akasoma tena, pengo la pili likaja, na mama huyo akalijaza nalo: alikuwa ameandika kwamba ng'ombe wao mwekundu amezaa. Pengo la tatu hakulikumbuka. Alijaribu, akatikisa kichwa.

Kisha Kendi akamweleza habari za stoo na gunia, na kwamba kadi ile ameiona wiki hii. Uso wa Gatakaa ulibadilika mbele ya Kendi, ukawa uso wa mtu aliyeambiwa kuna msiba ndani ya nyumba alimokuwa amelala.

"Nilingoja wiki tatu," alisema. "Baba yako alitaka twende hata bila jibu. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia mtoto amesema, tumheshimu."

"Sikuiona, mama."

Gatakaa alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaupata wa Kendi, akaushika kwa nguvu isiyolingana na umri wake. Hawakukumbatiana. Walikaa hivyo, punje za kunde zimetawanyika miguuni mwao na kuku wakizila, wala hakuna aliyewafukuza. Kendi alilala huko siku mbili. Hawakumaliza kuongea, na siku nyingine waliongea wakikasirikiana. Lakini tangu hapo hupanda kila mwisho wa mwezi.

Pazia la Lul lilimaliziwa kwa kadi za Idi alizozileta Sadiya mwenyewe. Gunia la Anderson halikuguswa tena na mkasi. Kendi aliandika majina yaliyokuwa juu ya bahasha, akakuta mia moja na themanini na mbili, akaanza kuwatafuta wenyewe, wanawake wa umri wake sasa, wengine walioolewa mbali. Wa kwanza kupatikana aliishi mji wa Nanyuki. Kendi alimsomea kwa simu jina la aliyemtumia kadi, na upande wa pili pakawa kimya kirefu hivi kwamba alidhani mtandao umekatika. Akaita jina lake mara mbili. Kisha akasikia kiti kikivutwa, na sauti ikamwomba asubiri kidogo, akae chini kwanza.